Maji ya Kulinganishia

Mtoto wa marehemu kaka yangu alipokuja kuniomba maji ya mke wangu, nilidhani kazi imempanda kichwani. Alikuja mchana wa jua kali, koti jeupe la maabara bado mwilini, akaingia sebuleni na viatu vyake, jambo ambalo mke wangu, mama yake mdogo, asingelivumilia hata kidogo.

"Shikamoo baba mdogo. Vile vichupa bado unavyo?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Sina muda wa kukaa. Unavyo au huna?"

"Ninavyo," nikasema, "na havitoki humu ndani mpaka nitoke mimi, nikiwa nimebebwa."

Hapo akakaa. Alikaa sakafuni, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kichwani, akafunika uso kwa viganja. Ili ieleweke kwa nini mkemia wa serikali alikuja nyumbani kwangu kulilia maji yaliyofungwa yeye akiwa bado ana meno ya utoto, itabidi nirudi nyuma kidogo.

Sisi tunamwita Tone. Jina hilo alilipata hospitalini, katika chumba cha kukeneka maji alikofanya kazi mke wangu. Enzi hizo hospitali ilijitengenezea yenyewe maji ya kuchanganyia dawa za sindano. Mimi nilikuwa fundi mizani. Nilikwenda pale kusawazisha mizani za chumba cha dawa, zile za shaba ambazo ukizipulizia pumzi tu sahani inashuka, na huko ndiko nilikomkuta mke wangu. Maji yalichemshwa ndani ya tungi la kioo, mvuke ukapita katika mrija wa kioo uliojiviringa kama utumbo, ukapoa, ukadondoka tone tone ndani ya chupa ya kioo. Mke wangu alijaza vichupa vyenye shingo nyembamba kama bua la ngano, kisha akaishika kila shingo juu ya ulimi wa moto, akaizungusha kwa vidole viwili mpaka kioo kikalainika na kujifunga chenyewe. Hapakuwa na kizibo. Ukitaka maji hayo ni lazima uvunje.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori na barabara ilimchukua mapema. Mjane wake aliuza nguo kutwa, kwa hiyo mtoto alishinda na mama yake mdogo, kwenye kigoda, macho kwenye ncha ya mrija.

"Hivi huyu hachoki?" wauguzi waliuliza.

"Anasubiri tone," mke wangu alijibu, na jina likanata.

Kazi aliyoipenda mtoto yule ilikuwa ya kukagua. Vichupa vilivyokwisha kufungwa vilizamishwa katika beseni la maji ya bluu. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, kiliingiwa na rangi. Tone alivitoa, akavifuta, akavinyanyua dirishani kimoja kimoja. Chenye bluu alikitenga pembeni na kukisuta: "Muongo wewe." Kilichobaki cheupe ungekishika mkononi ukadhani ni kitupu.

Halafu yakaja maji ya kununua, ndani ya vifuko vya plastiki, maboksi kwa maboksi. Mkurugenzi mpya alisema ya kiwandani ni nafuu na hayahitaji mtu wa kukaa na moto. Ule mrija waliuvunja kwa nyundo ili uenee kwenye pipa la taka. Nilikuwepo. Chumba kikawa stoo ya viti vya magurudumu vilivyokufa. Mke wangu alirudi nyumbani na boksi la vichupa vya mwisho, akaliweka juu ya kabati la nguo, na hakuna aliyeligusa, hata baada ya yeye kutuacha. Vitu vingine navyo vikafuata mkumbo huo. Mafuta ya kula tulikuwa tukienda dukani kupimiwa na chupa zetu wenyewe. Siku hizi yanauzwa katika vipakiti ambavyo mvua ikinyesha vinaelea mpaka mlangoni kwangu, kama vinanidai. Mizani zangu za shaba wamezipambia ukumbi wa hoteli. Naishia hapo, nisije nikaambiwa nina kinyongo. Ninacho.

Tone akasoma kemia. Watu walimcheka: "Utatengeneza bomu au sabuni?" Akajibu kwamba atatengeneza sabuni kwanza, awaoshe wenye maswali. Akaajiriwa katika maabara ya utafiti ya serikali. Alipoingia, jengo lile lilikuwa na wakemia tele, wakibishana hadi kwenye ngazi, chai ikiwapoa mikononi. Mmoja mmoja wakaondoka: huyu kiwanda cha rangi, huyu biashara ya dawa za mbu, yule ng'ambo, asirudi. Nafasi zao hazikujazwa. Utafiti ukageuka kuwa kazi ya kugonga mihuri. Kiwanda kinaleta mzigo asubuhi na kinataka cheti jioni. Kazi ya kufuatilia jambo moja kwa miaka mingi ilikosa wa kuilipia.

"Ukiniletea jambo la miaka ishirini," Mkuu wa maabara alimwambia siku moja, "nitamwonyesha nani? Waziri mwenyewe akimaliza miaka mitano kabahatika."

Hata hivyo kuna kitu kimoja Tone hakukiachia: maji ya mji. Kila mwaka aliyapima, ya bomba na ya visima, akitafuta sumu za aina aina. Mojawapo ilikuwa kilainisho, yale mafuta yanayotiwa kwenye plastiki ili ipindike bila kukatika. Na kila mwaka aliandika kwamba kilainisho hakionekani. Cheti chake kilitundikwa ukutani katika ofisi ya maji. Nami nilitamba mtaani kwamba mtoto wetu ndiye anayetulindia tunachokunywa.

Sasa nieleze jinsi wanavyopima, maana balaa lilijificha hapo. Muuza sukari, kabla ya kukupimia, hutazama kwanza sahani tupu inasema nini. Wakemia nao wana sahani tupu yao. Huchukua maji wanayoamini hayana kitu, yale wanayokeneka wenyewe, wakayapitisha kwenye mashine kabla ya mengine yote. Wanayaita maji ya kulinganishia. Chochote ambacho mashine itakisoma humo wanakihesabu kuwa ni uchafu wa mashine yenyewe, nayo inaagizwa ikitoe katika kila kipimo kinachofuata. Ndivyo walivyofundishwa, na mimi niliyesawazisha mizani maisha yangu yote nisingeona kosa.

Siku moja umeme ulikatika, na uliporudi mashine ilikuwa imesahau maagizo yake yote. Fundi wa mashine, mtu mnene mwenye mzaha usiokwisha, aliiwasha bila kukumbuka kuiagiza itoe. Tone akapitisha maji ya kulinganishia. Kwenye skrini, pale panapokaa kilainisho, mstari ukainuka.

"Hicho nini?" akauliza.

"Kilima," Fundi akasema. "Tumepata mlima wetu. Tuanze kutoza watalii."

Tone hakumsikia. Akapitisha maji ya bomba. Kikainuka kilima kilekile, kwa kimo kilekile.

Ukitoa kilima kwenye kilima unabaki na uwanda. Huo uwanda ndio aliokuwa akiuandika miaka yote. Kitu alichokitafuta kilikuwa kimekwisha kuingia katika maji yenyewe aliyoyalinganishia, na mashine ilikuwa ikikifuta kwa utiifu, mwaka baada ya mwaka, juu ya sahihi yake. Fundi ananiambia Tone alisimama pale mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Wakabadilisha mipira ya mtambo wao wa kukeneka. Kilima. Wakakinga mvua. Kilima. Wakaagiza kutoka ng'ambo maji ya bei ya kutisha, yenye cheti kinachong'aa, na kizibo cha plastiki. Kilima pia. Katikati ya hekaheka hiyo akaja Mkaguzi, mwanamke mwembamba anayezungukia maabara kuamua ipi ibaki na leseni. Akaiona skrini.

"Maji yenu safi ndiyo haya?" akauliza. "Basi ninyi ndio wachafu. Nikirudi nikute mstari umenyooka, la sivyo nafunga."

Mkuu alimwita Tone ofisini. "Rudisha maagizo ya zamani. Mstari utanyooka wenyewe, tulale."

"Utanyooka kwa uongo, Mkuu."

"Umenyooka kwa uongo miaka yote na hakuna aliyekufa."

"Hilo ndilo nisilolijua," Tone akamjibu.

Ndiyo maana alikuwa amekaa sakafuni kwangu. Mkaguzi alikuwa anarudi siku hiyohiyo. Maabara ikifungwa kwa uchafu, hakuna atakayepima tena maji ya mji huu, na neno lolote atakalolisema Tone juu ya kile kilima litakuwa neno la mtu aliyefukuzwa kwa kutojua kuosha vyombo.

"Nataka maji ya kabla," akaniambia.

"Kabla ya nini?"

"Kabla plastiki haijawa kila mahali. Yaliyokenekwa kwenye kioo, yakafungwa kwenye kioo, hayajafunguliwa. Nimezunguka hospitali zote, wananicheka. Mmoja kanipa maji ya betri."

"Na nikikupa, utarudisha?"

"Navunja shingo, baba mdogo. Nikishavunja, basi."

 Kila shingo ya vile vichupa ina msokoto wake mdogo pale vidole vya mke wangu vilipozungusha. Mtu akifa anaacha nguo, na nguo zinaisha harufu. Mimi nilikuwa nimebaki na misokoto ile.

"Ni mikono yake hiyo," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nimekaa pembeni yake."

"Na vikionyesha kilima?"

"Basi maabara ni chafu kweli. Nitafunga mlango mimi mwenyewe na kuwaomba radhi wenzangu."

"Na visipoonyesha?"

 Nilimtazama usoni, na niliona kwamba hilo la pili analiogopa zaidi.

Nikapanda kwenye kiti nikalishusha boksi. Sikukubali alibebe yeye. Nililipakata mpaka maabara.

Nilikuwa sijawahi kuona jengo limekufa likiwa bado na watu ndani. Vyumba vimefungwa, meza ndefu zimefunikwa magazeti, vibao vya majina milangoni bado vinawataja waliokwisha kuondoka. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba kimoja chenye uhai, mashine ikivuma, na humo walikuwemo Mkuu, Fundi, na Mkaguzi aliyekwisha kufika na kuketi, mkoba mapajani.

"Shikamoo mzee wangu," Fundi akasema. "Nasikia umetuletea maji yenye umri kama wangu."

"Marahaba. Yamekuzidi adabu."

Tone akatia rangi ya bluu ndani ya bakuli la kioo, akavizamisha. Vilikuwa vimepita mtihani huo zamani, lakini wakati hupasua hata kisichoguswa. Alipovitoa, vingi vilikuwa vya bluu. Safari hii hakuvisuta. Alivipanga pembeni polepole, mgongo akanipa mimi. Vitatu vilibaki vyeupe.

Akavunja shingo ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya ukucha. Akavuta maji kwa sindano ya kioo, akaipa mashine, tukasubiri. Mstari ukaanza kutembea. Ulipokaribia mahali pake Fundi aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna.

"Unapita," akasema kwa sauti ya chini. "Unapita. Umepita."

Haukuinuka hata unene wa unywele.

Akavunja cha pili, cha tatu akakiacha kizima. Mstari ukapita vilevile, umelala kama uzi mezani. Kisha akapitisha maji ya bomba, aliyoyakinga kwa gilasi pale pale mbele yetu, kwa mashine ileile, kwa mkono uleule. Kilima kikainuka mpaka karibu na ukingo wa juu wa skrini.

 Mkaguzi akafungua mkoba, akatoa chupa yake ya maji aliyonunua dukani njiani, akamkabidhi Tone. Kilima chake kilikuwa kirefu kuliko cha bomba. Mkaguzi aliipokea tena chupa, akairudisha mkobani, akaitoa tena, na nakuambia mama wa watu hakujua aiweke wapi. Mwishowe aliiweka sakafuni, mbali na mguu wake.

"Maabara ni safi," akasema. "Leseni inabaki."

Mkuu akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Tumepona."

"Nani amepona?" Tone akauliza.

 Mkaguzi alikuwa akigeuza kurasa za fomu yake ya ukaguzi. "Kiwango halali cha hicho kitu ni kipi?"

"Hakuna. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kukiwekea kiwango. Tulikuwa tunasema hakipo."

"Basi sina pa kuliandika," Mkaguzi akasema, na hakusema kwa ubaya. Alinionyesha hata mimi, mzee asiyehusika: safu za hiki na kile, na ya kilainisho haikuwepo. Akafunga kalamu.  Nimeona misiba, nimeona nyumba ikiungua na watu wamo, lakini sikuwahi kuona watu wazima wakigundua jambo kama lile kisha wakaanza kutafuta funguo za gari.

Mkaguzi alipoondoka Mkuu alifunga mlango. "Hili linabaki humu. Utawaambia watu waache kunywa? Wanywe nini?"

"Nitawaambia nilikosea."

"Unajimaliza."

"Sahihi ni yangu kwenye vyeti vyote, Mkuu."

Mkuu si mtu mbaya. Alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Basi liwe jina lako," akasema. "La maabara lisiwemo."

Tukatoka hapo moja kwa moja hadi ofisi ya maji. Tone alikishusha cheti chake ukutani kwa mkono wake, karani akimkodolea macho, akabandika karatasi pale pale palipokuwa na cheti. Aliandika kwamba alisema maji hayana kilainisho, kwamba alikosea, kwamba kimo katika maji yote aliyoyapima, na kwamba bado hajui kinatufanya nini.

Kesho yake lango la maabara lilijaa watu. Nilikwenda, nikijua hana mwingine wa kusimama naye.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unakula mshahara wa nini?" alipayuka fundi cherehani mmoja, futi bado shingoni.

"Nilikuwa napima vibaya, kaka yangu."

"Na ninyi ndio mliotengeneza hiyo sumu. Wakemia."

"Ni sisi," Tone akasema. "Tulitengeneza haraka. Kutazama ndiko tulikochelewa."

"Sasa tunywe nini?"

"Sijui bado."

 Nadhani walikuwa wamejiandaa kwa uongo wa aina yoyote, na jibu lile hawakuwa na mahali pa kuliweka. Mama mmoja aliyejitwika dumu akalitua chini. "Basi pima haya ya kwangu. Nijue yangu yakoje."

Wakapanga foleni. Wengine walikimbia majumbani na kurudi. Tone akapita kando ya mstari ule akitazama walichobeba, na kila hatua uso wake ulizidi kunyauka: madumu, chupa za soda, ndoo, vifuko vilivyofungwa fundo.

"Si humu," akasema. "Humu chombo chenyewe kitaongeza. Nileteeni kwenye kioo. Chupa ya kioo, isiwe na kizibo cha plastiki."

Wakatazamana. Foleni nzima, watu wa mtaa mzima, wakawa wanaulizana chupa ya kioo inapatikana nyumba gani. Mmoja alikumbuka ya bibi yake, ikavunjika. Mwingine alikuwa na chombo cha jemu, kifuniko chake kina mpira. Niliwatazama nikashindwa hata kukasirika, na kukasirika ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Fundi akatoka ndani na kreti la chupa za kioo za maabara kifuani. Dirisha la juu likafunguliwa. "Hizo ni mali ya ofisi," Mkuu akaita.

"Zinarudi, Mkuu," Fundi akasema bila kuinua kichwa. "Zitarudi zimeshiba."

Ziliisha kabla ya nusu ya foleni, waliozipata wakakimbia kukinga maji na kurudi. Waliobaki hawakuondoka.

"Majibu lini?" nikamuuliza Tone.

"Kiasi kilichomo, wiki ijayo. Kinatufanya nini ndani ya mwili, inabidi niwafuatilie hawa, na watoto wao, mpaka wazeeke."

"Utakuwa umestaafu. Nani atawafuatilia?"

Akatazama ghorofa ya juu, safu ya madirisha yasiyo na mtu nyuma yake.  Mama wa dumu alikuwa amemnyooshea chupa. Tone akaanza kuipokea, akasita, akazitazama glavu zake. Nazo ni plastiki. Akazivua, akazisukumiza mfukoni, akaipokea chupa kwa mikono mitupu na kumwita anayefuata.